Siku ya Nne, Chumbageni

Ukumbi ulikuwa wa chama cha ushirika,
feni tatu, moja inazunguka kwa hasira, mbili zimesusa.
Tulikuwa ishirini na mmoja, matabibu na wauguzi,
na mfamasia wa Korogwe aliyekuja na mto wake wa kukalia.
Mafunzo ya mwanzo tuliyapata mwaka juzi.
Haya, tuliambiwa, ni ya juu.

Siku ya kwanza: ini.
Siku ya pili: figo na hesabu zake.
Siku ya tatu tulimjadili kijana wa Makorora
anayemeza methadoni dirishani kila asubuhi
na gongo kila jioni.
Ukimpa naltreksoni utamtia arosto kabla ya adhuhuri.
"Muulizeni kwanza," alisema Daktari Mnkande,
"kisha muulizeni tena,
na mara ya tatu mkiwa mmefunga mlango."
Kwenye daftari niliandika neno moja: mlango.

Siku ya nne akaja na swali lisilokuwemo kwenye kitini.
"Nani hapa amewahi kutoa dawa ya kutiwa kwenye chai?"

Feni ile moja.
Mtu akajikohoza.

Mimi, Mwanakheri Semhando,
miaka kumi na miwili ya kituo cha afya,
nilimwona tena mke wa Sekiete mlangoni kwangu Pongwe,
amefunga khanga mbili na madeni matatu.
"Dada, nipe ile inayowachukiza. Asijue. Nitaisaga."
Foleni ilifika kwenye tangi la maji.
Nikamfungia disalfiramu thelathini kwenye karatasi ya kaki,
na kwenye faili la mume, mpakia saruji,
mtu ambaye sikuwa nimemwona hata kope,
nikaandika: *mlevi sugu, familia inashirikiana.*

Jumamosi akanywa mnazi wake kama siku zote.
Wakamleta mshikaki juu ya bodaboda, yeye katikati,
macho yamemwiva, anatapika hadi nyongo,
mapigo ya moyo yakinikimbia chini ya vidole.
Alipona. Usiku wa pili akanivuta mkono, akaninong'oneza:
"Nesi, mke wangu kaniroga."
Sikumjibu. Nilirekebisha dripu iliyokuwa haina kasoro.
Kabla ya mwezi kwisha yule mwanamke alirudishwa kwao Maramba
na kitanda, na sufuria, na jina la uchawi.

Hakuroga. Alikuwa na maagizo yangu, yenye mhuri.

Nikanyoosha mkono. Nikayasema yote, nimekaa.
Daktari Mnkande hakunigombeza, na hilo ndilo liliuma.
Aliuliza tu, "Anaitwa nani?"
"Sekiete."
"Hilo la faili. Nyumbani wanamwitaje?"
Sikujua.

Wenzangu walipokwenda kunywa chai
(chai! mfamasia alicheka peke yake, akaacha)
nilibaki, nikageuza daftari, nikaandika nyuma:

Dawa haimkamati, mwenye koo lenye kiu,
Hukaa naye kwa dhati, siku za chini na juu,
Bila yeye haipiti, siri huvunjika guu,
Mimi nilotoa cheti, kosa langu ndilo kuu.

Ijumaa tulifanya mazoezi wawili wawili.
Mimi nikawa mgonjwa.
Muuguzi wa Lushoto aliniuliza ningependa nini:
kuacha kabisa, au kupunguza, au kuzungumza tu leo.
Nilikaa kimya muda mrefu hata akadhani naigiza.

Jumatatu nimelifungua lile faili.
Kwenye mafaili yetu hatufuti.
Tunapiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka,
tunatia sahihi na tarehe.
Nimepiga mstari juu ya *mlevi sugu*.
Nimepiga mwingine juu ya *inashirikiana*.
Chini nimeandika kilichotokea na nani alitoa dawa,
na nakala moja nimeikunja kwa ajili ya Maramba,
ingawa sijui bado nitaanzaje na wakwe zake.

Yeye kwanza.
Geti la kiwanda siyo mbali.
Zamu ya asubuhi inatoka saa tisa.